Mnyama Usiyemtambua Hapigwi

Muulize mtu anayeanza kozi ya uwindaji ajali hutokeaje, na mara nyingi atakujibu kwamba bunduki "ilijifyatua". Bunduki nzima haijifyatui. Kuna kidole kilichokaa pasipo pake, kuna tawi lililonasa kwenye kifyatulio, kuna risasi iliyosahauliwa chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), au kuna mtu aliyeona kichaka kinatikisika akaamini ameona mnyama. Makosa haya yanajulikana, hayabadiliki sana kizazi hadi kizazi, na kila moja lina dawa yake.

Kozi nyingi hugawa somo hili mafungu mawili. Kwanza usalama wa bunduki, kisha mwishoni, watu wakiwa wamechoka, sheria husomwa haraka haraka kama orodha ya faini. Naona hapo ndipo tunapokosea. Sheria inayosema "dume tu, na awe na pembe" inakulazimisha utulie, uchukue darubini ya mkononi, umtazame mnyama kuanzia kichwa hadi mkia. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kumpiga mwenzake aliyeinama kwenye nyasi ndefu akidhani ni swala. Usalama na sheria vinauliza swali lile lile: huyu ni nani, na nyuma yake kuna nini?

Serikali za nchi mbalimbali zimelifikia jambo hili kwa njia tofauti. New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kumlazimisha mwindaji mpya kusoma kabla ya kupewa leseni, mwaka 1949, na leo majimbo yote 50 yana mafunzo ya aina hiyo. Sehemu ya gharama zake hulipwa na wawindaji wenyewe kupitia ushuru wa bunduki na risasi unaogawiwa majimbo chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937. Ujerumani wana mtihani mgumu wenye sehemu ya kuandika, sehemu ya mdomo na vitendo, na sehemu ya kulenga shabaha. Norway anayetaka kuwinda wanyama wakubwa hupimwa kila mwaka: risasi 5 kutoka mita 100, zote ziingie ndani ya duara la sentimita 30. Naupenda mtihani huo wa Norway, kwa sababu hauangalii ulivyokuwa hodari miaka kumi iliyopita. Unaangalia mwaka huu mkono wako ukoje.

Bunduki mkononi

Kanuni za msingi ni chache na hazina msimu. Kila bunduki unayoishika ihesabu ina risasi, hata kama umemwona mwenzako akiitoa sasa hivi. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitamdhuru mtu. Kidole kikae nje, kimenyooka kando ya kifyatulio, mpaka umekwisha kulenga na kuamua. Na ujue unachopiga pamoja na kilicho mbele na nyuma yake. Ukivunja kanuni moja, zile nyingine bado zinaweza kukuokoa. Ajali ya kuua kwa kawaida huhitaji mbili zivunjwe pamoja: kidole kimeingia, na mtutu umeelekea kwa mtu.

Utaratibu wa kutoa risasi una mpangilio, na mpangilio huo si mapambo. Elekeza mtutu mahali salama. Funga kufuli ya usalama, ikiwa bunduki yako inaruhusu bolti kuvutwa kufuli ikiwa imefungwa. Toa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi. Kisha vuta bolti, kile chuma kinachofunga na kufungua chemba, risasi iliyo chemba itoke. Tazama ndani ya chemba kwa macho, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, kwa sababu alfajiri na jioni macho hudanganya. Tazama pia pale magazini ilipokuwa.

Anayegeuza mpangilio huo anajitegea mtego. Akivuta bolti kwanza, risasi moja inaruka nje naye anaiona. Bolti inaporudi mbele inachukua nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma chemba. Ndipo anatoa magazini, anaishika mkononi, na moyo unatulia kwamba bunduki ni tupu. Si tupu. Bunduki za marisau (vijirisasi vingi vinavyotoka kwa mlio mmoja) zenye bomba la risasi chini ya mtutu zina mtego wao pia: springi ikichoka au ikiwa na uchafu, risasi hubaki imekwama ndani ya bomba hata baada ya kupampu mara kadhaa. Usihesabu mivuto. Tazama mpaka uone kile kisukumio cha mwisho wa bomba.

Kufuli ya usalama ni kipande cha chuma na springi. Hulika, hujaa vumbi, husukumwa na nguo bila wewe kujua. Na kuna raifoli ambazo bolti yake haifunguki mpaka kufuli iondolewe, yaani unatoa risasi bunduki ikiwa tayari kufyatuka. Hapo kilichobaki kukulinda wewe na wenzako ni uelekeo wa mtutu tu.

Unapompa mwenzako bunduki, mpe ikiwa imefunguliwa, aone chemba tupu kwa macho yake. Naye akipokea akague tena. Asiyekagua kwa sababu anaona haya kumtilia shaka mzee au rafiki amechanganya heshima na hatari.

Risasi isiyo yake

Namba iliyochongwa kwenye mtutu lazima ilingane na namba iliyochongwa kwenye kitako cha ganda la risasi. Kufanana kwa umbo hakutoshi, na kuingia chemba hakuthibitishi kitu.

Mfano unaofundishwa kila mahali, na kwa haki kabisa, ni wa geji 12 na geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba). Risasi ya geji 20 ni nyembamba. Ukiitia kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12 haikai chemba. Inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mwindaji anafyatua, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kuweka risasi. Anaweka ya geji 12, ambayo inaingia vizuri kabisa. Akifyatua sasa, risasi ya pili inaigonga ya kwanza ndani ya mtutu, na mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unapoushikilia. Kwa sababu hiyo maganda ya geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano, yatambulike haraka. Rangi ni msaada tu, lakini. Kinga ya kweli ni kutobeba aina mbili za risasi mfukoni mwa nguo moja. Kabla ya kutoka, kung'uta mifuko yote, pamoja na ile ya ndani.

Mtutu ulioziba ni ndugu wa kosa hilo. Tope kidogo tu mdomoni mwa mtutu, baada ya kujikwaa au kuegemeza bunduki vibaya, linatosha kuuvimbisha au kuupasua. Ukianguka, simama, toa risasi, fungua bunduki, utazame mwanga ndani ya mtutu kuanzia upande wa chemba. Bunduki isiyofunguka kwa nyuma ipimwe kwa fimbo ya kusafishia. Usitazame kamwe kutokea mdomoni.

Sikiliza pia sauti. Risasi ikitoa mlio hafifu, au msukumo dhaifu begani kuliko ulivyozoea, acha papo hapo. Yawezekana baruti haikuwaka vizuri na kichwa cha risasi kimebaki katikati ya mtutu. Anayeharakisha kupiga ya pili ili mnyama asitoroke ndiye anayeharibikiwa. Na ukivuta kifyatulio pasitoke kitu kabisa, usifungue upesi. Shikilia mtutu kwenye uelekeo salama kwa angalau sekunde 30, kwani baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa, kisha ufungue ukiwa umeweka uso pembeni. Gobore linahitaji subira zaidi ya hapo.

Njiani

Watu wanaowinda pamoja wanahitaji kukubaliana kabla ya hatua ya kwanza, si wakishatawanyika. Kwa wawindaji wa ndege wanaotembea kwa mstari, watatu ndio mwisho mzuri, wakiachana kiasi cha mita 20 hadi 35, kila mmoja na eneo lake la kupiga. Wa kushoto hupiga mbele na kushoto, wa kulia mbele na kulia, wa katikati mbele tu. Ajali ya kawaida hapa ni ya mtu kumfuata ndege kwa mtutu: ndege anaruka mbele, anakata kulia, bunduki inamfuata, macho yamemng'ang'ania ndege, na mtutu unapita juu ya mwenzake wakati kidole kinabana. Ndege akishavuka mpaka wa eneo lako si wako tena, hata kama mwenzako hajamwona.

Mstari lazima uende sawa. Mmoja akitangulia au akibaki nyuma, wote wasimame mpaka anyooke nao. Kwenye majani marefu muitane kwa sauti. Mnyama au ndege anayekimbia kwa kusikia sauti yenu ni hasara ndogo.

Uzio, mtaro, ukuta wa mawe, gogo lenye utelezi: popote unapohitaji mkono kujishika, bunduki iwe tupu. Ukiwa peke yako, toa risasi, acha bunduki wazi, ilaze chini na uipitishe chini ya uzio mdomo ukielekea mbali na wewe, kisha uvuke mbali na mdomo huo. Usiivute kwako kwa kushika mtutu. Mkiwa wawili, mmoja ashike bunduki zote mbili zikiwa tupu, mwingine avuke, azipokee moja moja.

Wanaowinda kutoka juu ya ulingo uliofungwa mtini wana adui mwingine kabisa, nao mara nyingi humdharau kwa sababu hana mlio. Kuanguka. Mtu huanguka akipanda, akishuka, na hasa pale anapohama kutoka ngazini kwenda jukwaani. Mkanda wa mwili mzima, unaopita mapajani na mabegani, uvaliwe ungali chini na usifunguliwe mpaka urudi chini. Kamba ya kujiokoa ifungwe juu ya ulingo na ishuke hadi mguu wa mti, nawe ujiunge nayo kwa fundo la Prusik, ambalo huteleza unapolisukuma kwa mkono na kubana likivutwa ghafla. Panda kwa pointi tatu: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vimeshika wakati wote. Kamba isilegee sana ukiwa umekaa, kwa kuwa kila sentimita ya kulegea ni sentimita ya kuanguka.

Ukianguka na mkanda ukakushika, hujamaliza. Kuning'inia bila kusogeza miguu huzuia damu kurudi moyoni, na mtu anaweza kuzirai ndani ya dakika chache. Beba kitanzi cha kukanyaga, ukisimamie kwa zamu, sukuma miguu kwenye mti, na uwe na filimbi au simu mahali mkono unapofika. Bunduki haipandi na wewe: ifunge kwa kamba ikiwa tupu, mdomo ukiangalia chini, uivute ukishakaa na kujifunga.

Kutambua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hufa.

Jicho la mwindaji aliyekaa kimya kwa muda wa saa tatu halioni kilichopo, linaona kinachongojwa. Ubongo huchukua mkwaruzo wa jani, kivuli cha kahawia na mwendo mdogo, ukajaza vilivyopungua: sikio, shingo, mgongo. Hali hii huzidi kukiwa na mwanga hafifu, mtu akiwa amechoka, akiwa amesikia mlio wa mnyama muda mfupi uliopita, au akiwa na hamu baada ya siku kadhaa za kurudi mikono mitupu. Walioua watu kwa bahati mbaya huapa kwamba walimwona mnyama, na wengi wanasema kweli jinsi walivyoona.

Kwa hiyo kutambua kuwe kazi ya hatua, kusiwe hisia. Sauti si kutambua. Mwendo si kutambua. Rangi si kutambua. Unahitaji kuona mwili, kichwa na sehemu inayokuonyesha jinsia au umri kama sheria inavyotaka, vyote vikiwa vimeungana kwenye mnyama mmoja. Fanya hivyo kwa darubini ya mkononi. Darubini ya bunduki si ya kutazamia, kwani kila unachokitazama kupitia hiyo umekwisha kukielekezea mtutu, na siku moja kitu hicho kitakuwa mtu anayechuma uyoga au mtoto anayetafuta ng'ombe.

Ukishamtambua, mwache kidogo utazame nyuma yake. Mnyama aliyesimama kwenye mgongo wa kilima, mbingu ikiwa nyuma yake, hapigwi. Huoni risasi itakapotua. Hata risasi ndogo ya .22, ambayo watu huichukulia kama ya kuchezea, inaweza kusafiri karibu kilometa 2, na za raifoli kubwa hupita kilometa 3. Kinga nzuri ni udongo: mteremko wa kilima ulio nyuma ya mnyama, au ardhi yenyewe unapopiga kutoka juu. Miti si kinga. Maji, mawe na ardhi iliyokauka ikawa ngumu hudundisha risasi na kuipeleka upande usioutarajia. Kumbuka pia kwamba risasi nyingi hupenya mnyama na kutokea upande wa pili, hivyo mnyama wa pili aliyesimama nyuma ya wa kwanza atajeruhiwa, na hapo umeua au kuumiza kuliko kibali kinavyosema.

Upande wa pili wa jambo hili ni kuhakikisha wewe mwenyewe unatambulika. Majimbo kadhaa ya Marekani huwataka wawindaji wavae rangi ya chungwa ing'aayo, isiyopungua inchi za mraba 400, yaani karibu sentimita za mraba 2,580, kichwani, kifuani na mgongoni. Wengi huogopa kwamba mnyama ataiona. Wanyama wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na chungwa. Kwao rangi hiyo ni hafifu tu. Kinachowashtua ni mwendo wako na harufu yako, na pia sabuni za kufulia zenye kung'arisha nguo, kwa sababu huakisi mwanga wa buluu ambao macho yao huuona vizuri. Ndege ni habari nyingine, wanaona rangi zote. Usivae rangi inayofanana na ya mnyama anayewindwa, na usimbebe mnyama begani bila kumfunika kwa kitambaa king'aacho, kwani kwa mbali mwindaji mwingine ataona mnyama anatembea. Ukimwona mtu anakuja upande wako msituni, usimpungie mkono. Kaa kimya pale ulipo na uite kwa sauti kubwa ya kibinadamu.

Sheria ina kisa chake

Mtu akielewa sababu ya sharti, halivunji hata akiwa peke yake porini. Msimu hufungwa kwa ajili ya kuzaa na kulea: kumpiga jike mwenye ndama ni kuua wawili, mmoja kwa risasi na mwingine kwa njaa. Idadi inayoruhusiwa hukadiriwa kutokana na sensa za wanyama na ripoti za wawindaji, hivyo anayedanganya kwenye ripoti yake anaharibu hesabu ya msimu ujao kwa kila mtu, naye akiwemo. Lebo inayotolewa pamoja na kibali hufungwa kwenye mzoga kabla haujasogezwa, kwa sababu lebo iliyobaki mfukoni inaweza kutumika mara mbili.

Kuwinda kwa taa usiku kumekatazwa mahali pengi, na watu hudhani ni kwa sababu mnyama huduwaa. Hiyo ni sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba nyuma ya mwanga unaona macho mawili yanayong'aa na hakuna kingine. Huoni mwili, huoni jinsia, huoni kilichoko mita kumi nyuma. Ng'ombe ana macho yanayong'aa. Mbwa pia. Saa za kuwinda zina mantiki hiyo hiyo: ndege wanaohama nchini Marekani, kwa kawaida, huruhusiwa kupigwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi linapozama, basi. Angalia saa rasmi ya machweo ya siku hiyo, usikadirie kwa macho, maana macho huzoea giza na kukuambia bado kuna mwanga.

Kupiga kutoka ndani ya gari au kuvuka barabara kwa risasi ni kosa katika nchi nyingi, na kila mwalimu wa bunduki angekukataza hata kama sheria isingekuwepo. Gari hurusha mtutu, nafasi ni finyu, na mdomo hauna pa kuelekea palipo salama. Bunduki ndani ya gari iwe tupu, ndani ya mfuko wake.

Sheria ya aina ya bunduki nayo husahaulika. Nchi kadhaa za Afrika hutaka kaliba, yaani upana wa mtutu, isiyopungua inchi .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Hii si kuongeza ukali tu. Risasi ndogo humjeruhi mnyama wa namna hiyo, na mnyama aliyejeruhiwa huingia kichakani akamsubiri mtu wa kwanza atakayepita, ambaye huenda si mwindaji. Marisau ya risasi nyeusi, yaani ya madini ya risasi, yalipigwa marufuku Marekani yote mwaka 1991 kwa kuwinda bata na ndege wengine wa majini, kwa kuwa bata humeza vijiwe kusaga chakula kwenye firigisi na humeza marisau hayo pamoja navyo. Firigisi huyasaga, sumu huingia kwenye damu. Tai wanaowala bata hao hupata sumu hiyo hiyo.

Usitegemee ulichojua mwaka juzi. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Botswana iliusimamisha mwaka 2014 ikaurudisha mwaka 2019. Kanuni ndogo hubadilika kila msimu: tarehe, mipaka ya kitalu, idadi ya madume. Soma kijitabu cha mwaka huu chote, pamoja na maelezo madogo ya chini ya jedwali, na kibali chako usikisome juu juu: eneo gani, aina gani, jinsia gani, siku zipi, silaha gani. Na mzigo ukivuka mpaka, sheria mbili hukushika pamoja. Marekani ilipitisha sheria ya Lacey mwaka 1900 inayofanya kuvusha nyama iliyopatikana kinyume cha sheria kuwa kosa la ziada, na mkataba wa CITES uliotiwa saini mwaka 1973 unadhibiti ngozi, pembe na meno ya aina zilizo hatarini yanapovuka mipaka ya nchi.

Ardhi ya mtu ni ardhi ya mtu. Omba ruhusa kabla ya msimu, kwa maandishi ikiwezekana, mwambie mwenyewe mtakuwa wangapi, mtaingia lini, mtatoka lini. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Kuna jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: mnyama aliyejeruhiwa anaweza kukimbia mita mia kadhaa na kuvuka mpaka, na katika sehemu nyingi huruhusiwi kumfuata na bunduki bila idhini ya mwenye ardhi ya upande wa pili. Ukiwa karibu na mpaka, mnyama aliyeelekea huko hapigwi, hata kama amesimama vizuri namna gani.

Baada ya mlio

Mnyama aliyesimama ubavu, au aliyegeuka kidogo huku nyuma yake ikikuelekea, ndiye anayeachia mapafu na moyo wazi. Aliyekugeuzia uso au matako umwache. Ukishapiga, tia risasi nyingine taratibu, kufuli ifungwe, usikimbie. Kumbuka aliposimama na ulipomwona mara ya mwisho, uchague alama isiyotembea: mti uliopinda, jiwe jeupe. Tazama saa.

Nenda mahali aliposimama na utafute damu na manyoya kabla ya kukanyaga ovyo. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Subiri nusu saa tu. Nyekundu iliyoiva sana yaweza kuwa ya ini; subiri saa kadhaa. Ikiwa na majimaji ya kijani na harufu, risasi imepita tumboni, na huyo asisukumwe mpaka zipite saa 6 au zaidi, kwa sababu akilala karibu atafia hapo, lakini akikurupushwa ataenda mbali na damu itakatika. Weka alama ya kitambaa au karatasi kila unapoona tone. Ukipotea njia, geuka utazame mstari wa alama zako. Utakuonyesha alikuwa akielekea wapi. Alama hizo uziondoe ukimaliza.

Mkaribie kutoka mgongoni, upande wa juu kama pana mteremko. Mnyama aliyekufa kwa kawaida huwa macho wazi. Aliyefumba macho huenda bado yu hai. Gusa jicho kwa kijiti kirefu. Likipepesa, maliza kazi haraka. Lisipopepesa, toa risasi zote kwenye bunduki kabla hujashika kisu, kisha funga lebo, ukiandika tarehe na saa.

Na ikiwa ukifika unakuta umepiga asiye wako, jike badala ya dume, au wawili badala ya mmoja: toa risasi, usimsogeze, usimkate, usimfukie. Piga picha pale pale alipoanguka, weka alama mahali ulipopigia, upige simu kwa askari wa wanyamapori wa eneo hilo kabla hajakutafuta. Faini inaweza kuwepo, na mnyama pengine atachukuliwa. Lakini aliyejitaja huandikiwa kosa la kupiga vibaya, na aliyeficha huandikiwa ujangili, kwa mzoga ule ule.